Kifaransa Ulijifunza Wapi?

Msimamizi wangu hakunifokea. Aliifunua rasimu ya pendekezo langu la utafiti, akasogeza miwani, akaweka kidole kwenye mabano yaliyosomeka "Sacleux (1909)", kisha akaniuliza kwa upole ambao mpaka leo unanisumbua kuliko karipio: "Kifaransa ulijifunza wapi, mwanangu?" Nilicheka kidogo nikidhani ni utani wa kuanzia mazungumzo, lakini yeye hakucheka. Padri Charles Sacleux aliiandika sarufi yake ya lahaja za Kiswahili kwa Kifaransa, nami katika rasimu ile nilikuwa nimeandika kwa kujiamini kwamba "Sacleux anaeleza", "Sacleux anasisitiza", na hata mahali pamoja "Sacleux anakiri", ilhali kitabu chenyewe sikuwahi kukiona hata jalada.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya umahiri katika Kiswahili. Nilikuwa nimetoka kufundisha sekondari kwa miaka sita, kwa hiyo nilijiona mtu mzima aliyekwisha kuyapita mambo ya wanafunzi. Tangu darasa la kwanza sikuwahi kuangalizia kwa jirani katika chumba cha mtihani, wala kuingia na kile kikaratasi ambacho wenzetu wa Kenya wanakiita mwakenya (jina ambalo katika miaka ya 1980 lilikuwa la vuguvugu la siri la kisiasa, na wanafunzi wakalipa kazi mpya). Kwa kipimo hicho nilijihesabu mwaminifu, na laiti mtu angeniuliza kuhusu uadilifu wa kitaaluma siku moja kabla ya kikao kile, ningemjibu kwamba ni somo la wengine.

Kumbe Sacleux ulikuwa mwanzo tu. Mzee alifunua kurasa mbili zaidi, akasoma kwa sauti aya yangu iliyoeleza namna lahaja za pwani zilivyoachana na kugawanyika, kisha akainuka, akatoa kitabu cha Kiingereza kwenye rafu iliyokuwa nyuma yake, akakifungua bila hata kutazama faharasa, akaanza kusoma. Nilikuwa nikiisikia aya yangu ikisomwa kwa Kiingereza. Mpangilio wa hoja ulikuwa uleule, mifano ileile kwa mfuatano uleule, hata ile sentensi ya mwisho niliyoipenda sana, yenye mizani nzuri, ilikuwa ya mwenyewe, nami nilichofanya ni kuivalisha kanzu.

Naomba niseme kwa ukweli nilivyojitetea, kwa sababu nadhani utetezi ule wanao wengi. Nilimwambia kwamba rasimu ile ilikuwa imepitishwa kwenye programu ya kukagua mfanano na kupata asilimia 7, kiwango ambacho wenzangu walikuwa wakikionea wivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama ninajua programu ile inafanya nini. Sikujua. Nilikuwa nikiichukulia kama kipimo cha malaria, unatumbukiza damu na inakuambia unaumwa au huumwi. Kumbe programu kama Turnitin, ambayo imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hulinganisha mfuatano wa maneno uliomo katika kazi yako na maneno yaliyomo katika hazina yake, kisha huonyesha panapofanana. Haijui wizi ni nini. Mwanafunzi aliyenukuu beti nyingi za ushairi kwa alama za kunukuu na kutaja chanzo anaweza kupata asilimia 30 bila kosa lolote, na mwingine aliyetafsiri sura nzima kutoka Kiingereza akapata asilimia 7 kama mimi, kwa kuwa maneno ya Kiswahili niliyoyatumia hayakuwa yameandikwa na mtu mwingine yeyote. Yalikuwa maneno yangu kweli, na mawazo yalikuwa ya mtu.

Huu ndio wizi ambao sisi tunaosoma kwa Kiswahili tunauangukia zaidi kuliko wenzetu, na ambao unazungumzwa kidogo kuliko unavyostahili. Sehemu kubwa ya maandishi ya kiisimu kuhusu lugha yetu wenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, nyingine kwa Kijerumani na Kifaransa, nasi tunatakiwa kuandika tasinifu kwa Kiswahili. Kutafsiri ni kazi halali na ni kazi ngumu. Mtu aliyewahi kukesha akitafuta neno moja la kueleza dhana ya kifonolojia anajua jasho lake. Ni jasho hilohilo linalotudanganya. Baada ya kuhangaika saa mbili na aya moja, unaiona kuwa yako, kama fundi aliyeshona nguo kwa kitambaa cha mteja akajisahau na kuivaa. Dawa yake ni fupi kiasi cha kukera: unataja mwandishi, mwaka na ukurasa, na kama ni nukuu unaongeza kwenye mabano "tafsiri ya mtafiti". Maneno matatu hayo yangeniepusha na aibu yote ile, na yangenipa pia sifa yangu halali ya kuwa mfasiri.

Nilipotoka ofisini nilitembea mpaka kwenye vimbweta, nikakaa. Nilitaka kujua mimi, mwalimu, niliyekuwa nikiwakanya watoto wasiige, nilifikaje pale. Jibu nililolipata sikulipenda, kwa sababu lilinirudisha ubaoni kwangu.

Mtu yeyote aliyepita sekondari Tanzania anaijua sentensi hii kwa moyo: fasihi ni sanaa inayotumia lugha kufikisha ujumbe kwa hadhira iliyokusudiwa. Nilifundishwa hivyo, nami nikafundisha hivyo kwa miaka sita. Mwanafunzi akiiandika neno kwa neno katika mtihani anapata alama zote. Akijaribu kuieleza kwa maneno yake, msahihishaji mwenye mwongozo mkononi na rundo la karatasi mbele yake huenda akamkata. Hakuna anayeuliza nani aliyeisema kwanza, katika kitabu gani. Sentensi inaelea kama methali. Tunamlea mtoto kwa miaka minne, au sita akiendelea na kidato cha tano na cha sita, tukimtuza kwa kurudisha maneno ya kitabu kama yalivyo bila kutaja kitabu, kisha siku anapoingia chuo kikuu tunamkabidhi mwongozo wa mwanafunzi wenye kurasa kadhaa kuhusu wizi wa maandishi na adhabu zake, kuanzia kufutiwa matokeo mpaka kufukuzwa, na tunashangaa akiendelea kufanya tulilomfundisha. Silisemi hili ili kumtetea mwizi. Anayejua kwamba anaiba hahitaji kusomewa mwongozo. Ninawasemea walio wengi, ambao walifika chuoni wakiwa na utamaduni wa madesa na hawajawahi kuonyeshwa utamaduni mwingine.

Madesa yenyewe, kwa wasiozoea lugha ya vyuoni kwetu, ni yale makabrasha yanayozunguka steshenari: muhtasari wa mihadhara, majibu ya mitihani ya nyuma, kazi za waliotangulia, yamepigwa chapa na kutolewa nakala ya nakala mpaka herufi zinafifia. Kitenzi chake ni kudesa, na maana yake imepanuka ikafunika kila namna ya kunakili. Kusoma desa si kosa. Tatizo la desa ni kwamba halina mama wala baba: aya imetoka kwenye kitabu, ikapitia daftari la mwanafunzi wa mwaka juzi aliyeinakili nusunusu, ikachapwa na mtu wa steshenari, ikakufikia wewe ikiwa yatima. Ukiiweka kwenye kazi yako huwezi kuitaja ilikotoka hata ungetaka.

Wapo wanaosema kwamba kutaja vyanzo ni desturi ya Wazungu tuliyobandikwa, kwamba kwetu maarifa ni mali ya wote. Hoja hii niliwahi kuipenda, hasa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Lakini mimi nimekulia Tanga, na kabla ya shule nilipelekwa chuoni, namaanisha chuo cha Kurani, ambako ustadhi alitufundisha Hadithi Arobaini za Imam Nawawi. Kila hadithi katika mkusanyiko ule inaanza kwa kumtaja sahaba aliyeipokea na inamalizika kwa kumtaja aliyeiandika, Bukhari, Muslim, Tirmidhi au mwingine. Ukiisoma matini bila kumtaja mpokezi, ustadhi anakurudisha mwanzo, na ukikaidi bakora ipo. Watoto wa miaka minane tulikuwa tukitaja marejeleo kwa kughani. Wanazuoni wa elimu hiyo walijenga taaluma nzima ya kuchunguza sanadi, yaani mlolongo wa waliopokezana maneno, wakauliza kama fulani aliweza kweli kukutana na fulani. Swali la msimamizi wangu kuhusu Kifaransa lilikuwa swali la sanadi: je, wewe na Sacleux mliwahi kukutana?

Na washairi wetu nao walikuwa na njia yao. Katika takhmisa, mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake na kuongeza mitatu yake mpaka ubeti ukatimia mitano. Takhmisa inayojulikana zaidi ni ile ambayo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliijenga juu ya beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, na hakuna anayeona haya kwamba ndani yake mna sauti mbili. Mkopo uko wazi, mkopaji anaonyesha ustadi wake pembeni ya ustadi wa aliyemkopesha, na msomaji anafaidi vyote viwili. Huo ndio uandishi mzuri wa mapitio ya machapisho, kama ningekuwa na akili ya kuliona jambo hilo mapema.

Msimamizi hakunishtaki, ilikuwa rasimu, na kazi ya rasimu ni kusahihishwa. Alinipa wiki tatu na sharti moja: nirudi na rasimu ambayo akiweka kidole kwenye sentensi yoyote, niweze kumwambia imetoka wapi. Nilidhani ni kazi ya kuongeza mabano. Nilipofungua daftari langu niligundua kwamba haiwezekani. Kurasa themanini na kitu za maelezo niliyoyachukua maktabani zilikuwa na maneno ya waandishi, ufupisho wangu, tafsiri zangu na mawazo yangu, vyote kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, bila alama ya kuvitenganisha. Mahali pengine nilikuwa nimeandika "muhimu sana!!" pembeni mwa sentensi ambayo sikuweza kukumbuka kama niliinakili au niliibuni. Wizi wangu, kwa hiyo, haukutendeka siku ya kuandika rasimu. Ulitendeka miezi minne nyuma, nikiwa nimekaa maktabani kwa bidii na nia njema, kalamu mkononi.

Nilianza upya. Daftari jipya nililigawa kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto nikaandika maneno ya mwandishi kama yalivyo, kwa lugha yake, ndani ya alama za kunukuu, na namba ya ukurasa kabla hata ya kunukuu, kwa sababu nimejifunza kwamba namba ya ukurasa inayoachwa kwa ajili ya baadaye haipatikani tena. Upande wa kulia nikaandika ya kwangu. Nilipotaka kufupisha hoja ya mtu, nilikifunga kitabu, nikanywa maji, nikaandika kwa kumbukumbu, kisha nikakifungua tena kulinganisha. Kama sikuweza kuandika kitabu kikiwa kimefungwa, ilimaanisha sijaelewa, na mtu ambaye hajaelewa hana njia nyingine isipokuwa kunakili. Hili la mwisho ndilo lililonishangaza zaidi. Nilikuwa nikidhani kunakili ni uvivu, lakini sehemu zangu nyingi nilizonakili ndizo nilizokuwa nimezihangaikia sana bila kuzielewa, na kunakili kulinificha mimi mwenyewe nisilijue hilo.

Kuhusu Sacleux, njia halali ilikuwapo siku zote: nilipaswa kuandika kwamba Sacleux (1909) amenukuliwa na yule niliyemsoma, na katika orodha ya marejeleo nikamweka niliyemsoma. Wanafunzi hawaipendi njia hii kwa sababu inaonyesha kwamba hawakufika kwenye chanzo. Ni kweli, inaonyesha hivyo. Na ina faida: kama aliyemnukuu alikosea, kosa linabaki kwake. Katika rasimu yangu ya kwanza mwaka wa kitabu kimoja ulikuwa umekosewa kwa sababu niliunakili kutoka kwa mtu aliyeunakili kwa makosa, na mzee alikuwa amelizungushia duara kosa lile kwa penseli bila kusema chochote.

Uwandani nilikutana na majaribu ya namna nyingine, ambayo hakuna programu wala rafu ya vitabu inayoweza kuyagundua. Nilikuwa nikichunguza Kimtang'ata, lahaja ya vijiji vya pwani ya Tanga, na katika pendekezo nilikuwa nimeahidi watoataarifa 12, wazee wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Nilipofikisha 9, nauli ilikuwa imekwisha, mvua zilikuwa zimeanza, na mzee mmoja niliyepanga kumsaili alikuwa amepelekwa kwa mwanawe Dar es Salaam kutibiwa. Rafiki yangu aliniambia, bila ubaya wowote, "Si wewe mwenyewe mtoto wa hukohuko? Hizo tatu jaza." Na alikuwa na hoja! Maneno mengi niliyokuwa nikiyauliza nilikuwa nimeyasikia kwa bibi yangu. Ningeweza kujaza hojaji tatu kitandani, na majibu yangekuwa karibu kabisa na ya kweli. Lakini mimi ndiye niliyetunga maswali, mimi ndiye niliyekuwa na dhana ya kuithibitisha, na majibu yangu yangekubaliana na dhana yangu kwa namna ambayo majibu ya wazee tisa hayakukubaliana. Wazee walinipinga mahali pawili ambapo mimi nilikuwa na uhakika. Hao watatu wa kubuni wasingenipinga hata mara moja.

Niliandika 9, nikaeleza sababu kwa aya moja katika sura ya mbinu za utafiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtahini kunibana, naye aliipita aya ile bila neno.

Jambo jingine la uwandani lilinipa shida ambayo sijaimaliza. Kanuni za maadili ya utafiti zinatutaka tufiche majina ya watoataarifa, tuwaite MT1, MT2, na kuendelea. Bibi mmoja, baada ya kunikaribisha mara tatu na kunipa maneno ambayo sijayakuta kwenye kamusi yoyote niliyoifungua, aliniuliza kama jina lake litakuwamo kwenye kitabu. Nilimweleza kuhusu usiri na kumlinda. Akanisikiliza, kisha akasema, "Sasa maneno yangu yatakwenda, mie nitabaki?" Nilikuwa nimetoka kusulubiwa kwa kutotaja wenye maneno, na sasa kanuni ileile ya uadilifu ilikuwa ikinitaka nisimtaje mwenye maneno. Nilirudi kwa msimamizi, na baada ya kupata ridhaa ya bibi kwa maandishi, mjukuu wake akiwa shahidi, jina lake likaingia kwenye shukurani, likifuatwa na orodha ya maneno aliyonipa. Wengine nane walibaki kuwa namba, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyoridhia. Bado nadhani wataalamu wa maadili ya utafiti wanapaswa kulitazama upya suala hili kwa upande wa lugha na fasihi simulizi, ambako anayefichwa mara nyingi ndiye mwandishi hasa.

Kuna mengine ambayo nitayapitia haraka kwa kuwa kila mwanafunzi anayajua na hayahitaji falsafa. Kusainiana mahudhurio ni uongo wa maandishi, hata kama mhadhiri mwenyewe amechelewa. Kuliweka jina la mtu kwenye kazi ya kikundi aliyochangia vocha tu ni kumpa cheti cha kazi ya mwingine, na anayeomba "niandikie na mimi jina" anajua hivyo. Kuikusanya tena insha ya mwaka jana kwa mhadhiri mwingine bila kumwambia ni kumuuzia mtu nyumba iliyokwisha kuuzwa, hata kama ni yako.

La kuandikiwa sitalipita haraka. Karibu na vyuo vyetu wapo watu wanaoandika utafiti kwa malipo, na bei yao hupatanwa kama ya samaki, kwa sura au kwa kazi nzima. Nairobi biashara hii ilivuka bahari zamani: vijana waliosoma vizuri na kukosa ajira wamekuwa wakiwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza kupitia intaneti. Australia ilipitisha sheria dhidi ya wauzaji wa huduma hiyo mwaka 2020, na Uingereza ikaipiga marufuku ndani ya England kwa sheria ya mwaka 2022. Sheria hizo zinamlenga muuzaji, na sina ugomvi nazo, ila kila nikiwafikiria vijana wale napata uchungu wa namna ya pekee. Wana uwezo wa kupata alama za juu katika vyuo ambavyo visingewapokea kwa kukosa ada, na alama hizo zinakwenda kwa jina la mtu ambaye hata hakusoma alichokiandikiwa. Anayenunua ananunua pia ukimya wao.

Anayedhani kwamba mambo haya yanasahaulika baada ya mahafali aitazame Ujerumani. Mwaka 2011 waziri wa ulinzi, Karl-Theodor zu Guttenberg, alijiuzulu baada ya watu kwenye intaneti kuichambua tasinifu yake ya udaktari ukurasa kwa ukurasa na kuonyesha yalikotoka maneno. Waziri wa elimu wa wakati huo, Annette Schavan, alisema hadharani kwamba aliona haya kwa ajili ya mwenzake. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Düsseldorf kilimvua Schavan mwenyewe udaktari wake kwa tasinifu aliyoiandika mwaka 1980, naye akajiuzulu. Miaka 33 ilikuwa imepita, na mada ya tasinifu yake ilikuwa dhamiri ya mtu. Kisa hiki huwa nawasimulia wanafunzi, na huwa wanacheka mpaka wanapoanza kuhesabu umri wao wenyewe.

Sasa tuna akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, desa limepata mdomo. Binamu yangu, aliye mwaka wa pili chuoni, aliniletea kazi nimsaidie kuipitia, na katika marejeleo yake nikakuta makala ya mtaalamu wa Kiswahili ninayezifahamu kazi zake, yenye kichwa kizuri, jarida la kweli, toleo na kurasa, ila makala hiyo haikuwahi kuandikwa. Hakuwa ameibuni yeye; aliiomba mashine marejeleo na mashine ikamtungia. Hayuko peke yake, maana mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao kwa kupeleka mahakamani kesi za kubuni walizopewa na programu hiyohiyo. Nilipomuuliza binamu yangu kama ameisoma makala, aliniangalia kama nilivyomwangalia msimamizi wangu siku ile. Sacleux angalau alikuwapo.

Lakini nataka pia kusema upande wa pili, kwa kuwa wanafunzi wetu wanaoandika kwa Kiingereza wanaweza kuonewa. Programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine si za kuaminiwa kwa pupa. Kampuni ya OpenAI yenyewe, iliyoitengeneza ChatGPT, ilitoa ya kwake mwanzoni mwa mwaka 2023 na kuiondoa Julai mwaka huohuo kwa kukosa usahihi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipozijaribu programu 7 za aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Kiingereza cha kujifunza darasani, chenye msamiati wa wastani na sentensi zilizonyooka, kinafanana na cha mashine. Kwa hiyo ninamshauri binamu yangu atunze rasimu zake zote, kila moja na tarehe yake, na madaftari, na rekodi za uwandani, asifute chochote mpaka cheti kiwe mkononi. Pale mhadhiri anaporuhusu kutumia akili mnemba, aandike ameitumia kwa lipi. Pale asiporuhusu, asiitumie.

Tasinifu yangu ilipita. Siku ya kusaini ukurasa wa ikirari, ule ambao mwanafunzi anatamka kwamba kazi ni yake halisi na haijawahi kuwasilishwa katika chuo kingine, nilichukua muda mrefu kuliko waliokuwa nyuma yangu walivyopenda, kwa sababu nilikuwa nikipitisha sura kichwani, nikijiuliza kama mzee angeweza kuweka kidole mahali popote.

Nimerudi sekondari. Muhula uliopita nilianza jambo dogo: kila fasili ninayoiandika ubaoni ninaandika pembeni kitabu na ukurasa, na kidato cha pili nikawataka wafanye vivyo hivyo katika madaftari yao. Wiki ya kwanza msichana wa dawati la mbele aliuliza, "Na hiyo ya kwenye mabano tuiandike, mwalimu?" Nikamwambia waiandike. Katika mtihani wa muhula, swali la kwanza lilikuwa lilelile la fasihi ni nini, na nusu ya darasa waliandika sentensi ileile tunayoijua, neno kwa neno, wakafuatisha na jina la kitabu na ukurasa. Wanne walikosea ukurasa. Nilikaa na kalamu nyekundu kwa muda, mwongozo wangu mwenyewe ukiwa hausemi lolote kuhusu hilo, mwishowe nikawakata nusu alama, na mmoja wao ameshakata rufaa.